UZI: Kukadiria na kuchagua zege la nyumba ya kuishi, Unguja na Pemba

Mwanzisha uzi

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kazi yangu ya kila siku ni kupima michoro na kuigeuza kuwa mifuko ya saruji, gari za mchanga na kokoto. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya desturi moja inayowatia hasara watu wengi wanaojijengea hapa Zanzibar. Mwenye nyumba humuuliza fundi itakula mifuko mingapi, fundi hukitazama kiwanja na kutaja idadi moja ya jumla, na kuanzia hapo nyumba yote, kutoka msingi mpaka mkanda wa juu (zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta), humwagwa kwa mchanganyiko mmoja. Lakini jamvi la sebuleni, yaani zege la sakafu, halibebi inachobeba nguzo ya kibarazani, na anayekadiria sehemu kwa sehemu hupata nyumba iliyo imara zaidi kwa saruji pungufu. Nitalionyesha hilo kwa hesabu. Ninazungumzia nyumba ya chini tu. Anayekusudia kupandisha ghorofa amtafute mhandisi, na michoro ya mhandisi ndiyo itakayomwambia zege la namna gani.

Uwiano hutajwa kwa mpangilio wa saruji, mchanga na kokoto. Ule wa 1:3:6 ni wa zege lisilo na nondo, yaani msingi wa kawaida juu ya ardhi ngumu na jamvi la ndani. Ule wa 1:2:4 ndio wa chini kabisa ninaoukubali pale penye nondo, na ule wa 1:1.5:3 ni wa nguzo, mikanda na boriti za zege, hasa kwetu sisi tunaoishi na upepo wa bahari.

Malighafi kavu zikichanganywa na kushindiliwa, ujazo wake hupungua, kwa kuwa mchanga huingia katika nafasi zilizo baina ya kokoto, na saruji huingia baina ya chembe za mchanga. Ndiyo maana ili upate mita 1 ya ujazo ya zege lililokaa, unahitaji takriban mita 1.54 za ujazo za malighafi kavu. Igawe 1.54 kwa jumla ya sehemu za uwiano wako, na utapata ujazo wa saruji. Na kwa kuwa mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 34.7, yaani karibu lita 35, mita moja ya ujazo ya zege la 1:3:6 hutaka mifuko 4.44, la 1:2:4 mifuko 6.34, na la 1:1.5:3 mifuko 8.06. Mchanga ni mita za ujazo 0.46, 0.44 na 0.42 kwa mfuatano huo huo, na kokoto ni mara mbili ya mchanga.

Sasa tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 9, yenye kuta za nje na za ndani zinazofikia urefu wa mita 60 zikiunganishwa. Zege la msingi lina upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 20, kwa hiyo ni mita za ujazo 7.2. Jamvi, baada ya kutoa nafasi ya kuta, ni mita za mraba 95 kwa unene wa sentimita 10, yaani mita za ujazo 9.5. Mkanda wa juu wa upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 22.5 ni mita za ujazo 2.03. Nguzo 8 za sentimita 23 kwa 23, kila moja ikiwa na urefu wa mita 3, ni mita za ujazo 1.27. Kila sehemu ninaiongeza asilimia 5 kwa ajili ya kinachomwagika na kwa mitaro isiyonyooka, kisha ninapandisha mpaka mfuko mzima.

Ukimwaga nyumba hiyo yote kwa 1:2:4, msingi utakula mifuko 48, jamvi 64, mkanda 14 na nguzo 9, na jumla ni mifuko 135. Ukimwaga msingi na jamvi kwa 1:3:6, na mkanda na nguzo kwa 1:1.5:3, msingi utakula 34, jamvi 45, mkanda 18 na nguzo 11, na jumla ni 108. Umepunguza mifuko 27, na huku nguzo na mkanda vimepata zege bora kuliko lile la mwanzo.

Tafadhalini zitazameni nguzo. Tofauti baina ya zege la wastani na zege zuri katika nguzo zote nane ni mifuko 2, na katika mkanda mzima ni mifuko 4. Hii ndiyo mifuko ambayo watu huibania mwishoni mwa kazi, fedha zinapokuwa zimepungua, ilhali mifuko 19 ya ziada imekwisha kulala chini ya vigae vya sebuleni ambako haina inachokibeba ila makochi. Naomba kila anayejenga aitenge saruji ya nguzo na mkanda mapema, aiweke mahali pake, na asiiguse kwa kazi nyingine yoyote.

Kuhusu saruji yenyewe, namba iliyoandikwa kwenye mfuko ina maana. Saruji ya 32.5 inatosha kwa kufyatulia matofali, kujengea na kupigia lipu, na kwa zege hili la 1:3:6. Kwa nguzo, mikanda na zege lolote la dari ninunue nini? Nunua ya 42.5. Namba hizo ni kipimo cha nguvu ya saruji baada ya siku 28, na iliyoongezewa herufi R hupata nguvu mapema zaidi kuliko yenye N. Jina la kiwanda si hoja kubwa kwangu. Hoja ni namba hiyo, alama ya ubora, na umri wa mfuko. Saruji yetu huvuka maji na hukaa ghalani katika hewa yenye unyevu, na iliyokaa miezi 3 huweza kupoteza hata sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Fungua mfuko mmoja kabla ya kulipia yote, utie mkono ndani: ukikuta madonge yasiyopondeka kwa vidole, uache. Ukishanunua, ipange juu ya mbao mbali na ukuta, uifunike, wala usinunue ya nyumba nzima siku moja.

Mchangiaji, fundi wa Mwanakwerekwe

Ndugu mkadiriaji, hesabu yako nimeifuata na sina ugomvi na uwiano. Tatizo ni kwamba zege la nguzo likiwa kavu halipiti baina ya nondo na ringi, yaani nondo nyembamba zinazozifunga zile za wima. Tukiivua mbao, tunakuta matundu, na mwenye nyumba anatulaumu sisi. Kwa sababu hiyo mafundi huongeza maji. Pia hiyo habari ya kupima kila kitu huchelewesha kazi, kwa vile vibarua hulipwa kwa siku.

Mwanzisha uzi

Fundi, umegusa jambo lenyewe, na malalamiko yako ni ya kweli. Nguzo yenye matundu ni mbaya vilevile, kwani hewa ya chumvi huingia humo moja kwa moja mpaka kwenye nondo. Ila dawa yake si maji peke yake. Mfuko mmoja wa saruji, kwa zege la nguzo, hutaka lita 25 hivi, na kwa zege la kawaida usizidi lita 30, ukihesabu pamoja na maji yaliyomo tayari ndani ya mchanga mbichi. Ukifika lita 35 umepoteza theluthi moja ya nguvu au zaidi, na mifuko 2 tuliyoiongeza kwenye nguzo imekwenda bure. Maji yasiyohitajiwa na saruji hukauka na kuacha vinjia vidogo ndani ya zege, na vinjia hivyo ndivyo chumvi inavyopitia.

Kwa nguzo nyembamba tumia kokoto za nusu inchi badala ya za robo tatu, nazo zitapita vizuri baina ya ringi. Mwaga kidogo kidogo, usizidi kimo cha nusu mita kwa mara moja, na kila tabaka lishindiliwe kwa vaibreta (mashine ya kulitikisa zege), au kwa kipande cha nondo kikichomwa mara nyingi huku mwengine akigonga mbao kwa nyundo kutoka nje. Ikiwa bado ni zito, ongeza maji na saruji kwa pamoja, ili kile kiasi cha lita 25 kwa mfuko kisibadilike.

Ama kupima, kufanye kuwe kwepesi. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye mishikio miwili, likiwa ndani na urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 25. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Hulaza sanduku juu ya sakafu, hulijaza kwa pauro, hulisawazisha kwa ubao na kulinyanyua. Mchanga hubaki pale pale ulipotakiwa. Kwa 1:2:4, masanduku 2 ya mchanga na 4 ya kokoto kwa mfuko mmoja. Karai haliaminiki kwa kazi hii, kwa sababu kibarua wa asubuhi hulijaza kichuguu na wa alasiri hulijaza nusu, na hapo uwiano wako umebaki kwenye karatasi.

Na msichanganyie juu ya ardhi tupu. Angalieni pembeni mwa lundo linapotiwa maji: utaona maji ya kijivu yakitiririka na kuzama mchangani. Ile rangi ya kijivu ni saruji uliyoilipia. Tandikeni bati au mwageni kwanza sakafu ndogo ya kuchanganyia.

Mchangiaji, Paje

Assalaamu alaykum. Mimi ni mwanamke ninayejenga nyumba ya familia huku Paje, na kutoka kiwanjani bahari naiona. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi. Mchanga ulio karibu ni wa ufukweni, na kokoto wanazogonga kina mama huku ni za mawe yetu haya ya uwanda, yaani ya matumbawe. Nisaidie, kaka yangu, nijue kipi kinafaa na kipi hakifai, maana kuleta kila kitu kutoka mjini ni gharama.

Mwanzisha uzi

Wa alaykumus salaam dada yangu. Huko uliko ndiko ninakokuogopea zaidi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Kwanza kuuchota ni kosa na unaiharibu pwani yenu wenyewe. Pili una chumvi. Chumvi hailidhuru sana zege tupu, lakini huila nondo. Nondo ikishika kutu huvimba mara kadhaa ya ujazo wake wa awali, na uvimbe huo hulipasua zege kutoka ndani. Zile nguzo za vibaraza vya pwani mnazoziona zimepasuka wima kwenye pembe, na nondo nyekundu ikichungulia, ziliharibika kwa njia hii. Ukishaona ufa huo, kulipaka lipu jipya juu yake ni kuficha tu. Kutu inaendelea chini. Basi nunua mchanga wa shimoni wenye kibali. Ni ghali kwa sababu Unguja sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe na mchanga wa kujengea unapungua mwaka hata mwaka, lakini hesabu ya juu inaonyesha kwamba kwa mkanda na nguzo zako zote hutahitaji hata mita 1.5 za ujazo.

Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike kuchanganyia zege lenye nondo, wala kulimwagilia. Kwa mkanda na nguzo za nyumba ile ya mfano, mifuko 29 kwa lita 25 ni lita 725, kwa hiyo matangi machache ya maji matamu yanakutosha. Kwa jamvi lisilo na nondo unaweza kuwa na nafasi zaidi, ingawa sakafu inaweza kutoka unga mweupe wa chumvi juu yake.

Kokoto za mawe ya uwanda nazo tuzitendee haki, kwa sababu zimejenga nyumba nyingi na zinawalisha kina mama wanaozigonga. Kwa jamvi na kwa msingi usio na nondo, zinafaa, mradi zichekechwe vumbi na zilowanishwe usiku wa kabla ya kazi. Zina vinyweleo vingi, na zikitiwa kavu hunyonya maji ya zege, fundi naye akaongeza mengine bila kipimo. Kwa nguzo na mkanda wa nyumba iliyo karibu na bahari, mimi ningetafuta kokoto ngumu zaidi, hata zikiwa za kuvushwa kutoka Bara, kwa kuwa unahitaji mita 3 za ujazo tu. Ukitaka kuzijaribu ulizonazo, pima kilo 2 zilizokauka vizuri, zilowanishe siku nzima, zifute kwa kitambaa na uzipime tena. Zikizidi gramu 100, mimi nisingezitia kwenye nguzo.

Halafu kuna umbali baina ya nondo na uso wa zege. Kwa nguzo za nje huko Paje usikubali chini ya milimita 40. Umbali huo haulindwi kwa macho. Hulindwa kwa vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vilivyofungwa kwenye ringi kabla ya mbao kufungwa. Vifyatue mwenyewe wiki moja kabla, kwa saruji nyingi na kwa unene wa milimita 40 kamili, na ufike kiwanjani kuviona vimefungwa pande zote nne. Nguzo ya sentimita 23 ikionekana nyembamba kwa umbali huo, muulize mhandisi kuhusu sentimita 25 au 30. Zege linaloongezeka ni dogo.

Jambo la mwisho kwa ardhi yenu: mwamba ukionekana juu juu, usidhani umeshapata msingi. Mawe ya uwanda huwa na mapango. Gonga chini ya mtaro wote kwa mtaimbo, na panapolia kwa uwazi, pavunjwe na pajazwe zege kabla ya kuendelea.

Mchangiaji, Wete

Maalim, huku Pemba ardhi yetu ni ya vilima na udongo unaonata, na mvua zetu mnazijua. Je, hesabu ile ya mifuko 34 ya msingi inasimama? Na mtu afanye nini ikiwa masika yamemkuta katikati ya kazi?

Mwanzisha uzi

Kwa udongo wa mfinyanzi haisimami, ndugu yangu. Udongo huo huvimba ukirowa na hunywea ukikauka, hivyo zege la msingi hulazimika kuvuka pale ardhi inapolegea. Chimba mpaka uufikie udongo mgumu usiobadilika, utie nondo katika msingi, na ukishatia nondo uwiano ni 1:2:4. Mifuko 34 inakuwa 48. Hizo 14 ni za lazima, na hata hivyo nyumba nzima itakuwa imetumia 122, bado pungufu ya 135 za mwanzo. Kwenye mteremko msingi ushuke kwa vidato vilivyolala sawasawa. Zege la msingi lisimwagwe kwa kufuata mteremko.

Mtaro wenye maji usimwagwe zege. Yatekeni maji, ondoeni tope laini lililobaki chini, kisha mmwage siku hiyo hiyo. Mvua ikishika mara tu baada ya kumwaga, funikeni kwa nailoni. Likishashika, mvua nyepesi hailidhuru, bali hulisaidia.

Mvua ina jambo jingine lisiloonekana. Mchanga mbichi huvimba, kwa maana chembe zake hutengana kwa utando wa maji, na sanduku lile lile la lita 35 hubeba mchanga pungufu kwa sehemu moja ya tano hivi. Jaza ndoo mchanga mbichi mpaka juu, umimine maji mpaka yafunike mchanga, uutikise utulie, na upime umeshuka kiasi gani. Ukishuka kwa sehemu moja ya tano, basi kila masanduku 4 uongeze moja. Siku hiyo hiyo ujaribu na tope: tia mchanga katika chupa ya uwazi, maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu na uache kwa muda wa saa tatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi milimita 8 kwa kila milimita 100 za mchanga, mchanga huo uoshwe au urudishwe.

Kumwagilia nako kusiachwe kwa kudhani kuwa hewa ya Pemba ina unyevu. Siku 7 ni za chini kabisa, na kwa saruji zenye mchanganyiko wa majivu au pozolana (unga wa mawe ya volkano) ningefika 10, kwa sababu hizo huchelewa kupata nguvu ingawa baadaye huizuia chumvi vizuri zaidi. Wakati wa kaskazi, jua kali na upepo hulikausha jamvi kabla ya jioni, basi litandikwe magunia mabichi. Nguzo zizungushiwe magunia na zimwagiliwe asubuhi na jioni. Ni nguzo ndizo zinazosahauliwa, kwa vile zimesimama na maji hayatuami juu yake.

Mchangiaji, fundi wa Mwanakwerekwe

Nimekubali habari ya sanduku, nitalijaribu kwenye kazi ya wiki ijayo inshaallah. Lakini muelezeni mwenye nyumba na kuagiza. Sisi huambiwa gari moja, na gari za mji huu hazilingani.

Mwanzisha uzi

Ni kweli kabisa, fundi. Gari si kipimo. Kabla ya kukubaliana bei, pimeni bodi kwa futi ya chuma: urefu, upana, na kimo mpaka pale mzigo ulipofika, si mpaka juu ya ubao. Bodi ya mita 3 kwa 2, iliyojazwa kimo cha sentimita 60, ina mita za ujazo 3.6. Nyumba yetu ya mfano inataka mchanga mita 9.55 na kokoto mita 19.1. Mchanga huo ukifika mbichi, uongezeeni robo, uwe karibu mita 12, yaani gari 4 za aina hiyo. Kokoto hazivimbi, kwa hiyo ni gari 6, na ya sita haitajaa. Agizeni 5 kwanza, mmwage msingi na jamvi, kisha mpime lundo lililobaki kabla ya kuiita ya mwisho. Na ikiwa nguzo zitahitaji kokoto za nusu inchi, hiyo ya mwisho ndiyo iwe ya kokoto hizo.